Omari Alivyofunga Arafa Jangwani

Mume wangu Omari alikufa safarini akiendesha baiskeli, tena baiskeli ya kukodi. Nasema hivyo mwanzo kabisa, maana watu wa mtaa wetu huu wa Molenbeek wanapenda kuzungukazunguka maneno.

Kwetu Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, alikuwa akishusha mikungu ya ndizi kutoka milimani kwa baiskeli. Hapa Bruxelles, Ubelgiji, akawa anaogesha wazee wa watu kule Uccle, siku sita kwa wiki, na Jumapili anapanda baiskeli kwa starehe, anafuata mfereji mpaka Halle. Starehe! Nikamwuliza, "Baba Naïma, taabu yote ile haikukutosha?"

"Ile ilikuwa ya tumbo," akasema. "Hii yangu."

Bon. Mwaka jana mdogo wake Kadiri, anayefanya kazi Omani, akamwita wale Idi pamoja. Mimi sikupata likizo. Kule kuna barabara ya baiskeli katikati ya jangwa, hakuna gari hata moja. Ungemzuia vipi? Siku ya Arafa, kesho yake ni Idi, amefunga, akakodi baiskeli asubuhi, akaondoka peke yake.

Saa tatu asubuhi za huku Bruxelles akanipigia. Niko kwenye foleni ya bucha, nimezungukwa na wanawake tunaojuana, mikono imejaa mifuko, simu nimeiweka sauti ya nje.

"Mama Naïma, jua la huku si jua. Quarante-trois, digrii arobaini na tatu! Kichwa kinazunguka. Maji ninayo. Mimi ni msafiri, nina ruhusa. Wacha nifungue."

Ruhusa alikuwa nayo, hata mtoto wa madrasa anajua. Lakini wanawake walikuwa wananitazama, nami, mjinga mie, nikataka kuwachekesha. Ulimi hauna mfupa.

"Arafa, Baba Naïma? Mwanamume wa Buyenzi anakunywa mchana? Miaka ile ya Ramadhani ya kiangazi tulifunga hapa mpaka saa nne usiku, nani alikufa? Kadiri atasema Ubelgiji imekulainisha! Kaza, utafika."

Foleni nzima ikacheka. Naye akacheka, kidogo. "Haya, mama. Umeshinda."

Wafanyakazi wa barabara walimkuta mchana, kando ya lami. Chupa ya maji ilikuwa imejaa. Walimzika kesho yake, siku ya Idi, nami nikaangalia kwa simu, Kadiri akinionyesha.

Sasa wanaokuja kunipa pole wananishika mikono: "Maman Mwanvua, shukuru Mungu, kafa na saumu yake." Wale wa foleni nao walikuja. Wakala wali, wakatazama sakafu. Wallahi, sifa hiyo naichukia. Najichukia mimi zaidi.

Juzi binti yetu Naïma alinifuata jikoni, akakaa.

"Maman, donc kumbe siku ile papa hakukupigia?"

"Alinipigia," nikasema. "Aliuliza kama nimeshapata nyama."