Mume wa mjukuu wangu alikuja Zinga na mashine ya kupima vyuma, nikaenda kuuliza kama inaruhusiwa

Wakuu wa humu, salaam. Mlio wadogo kwangu, marahaba kabla hamjaniamkia, tusipoteze muda.

Haya yalinikuta hapa Zinga mwaka huu. Siongezi chumvi, na kila aliyekuwepo namkumbuka kwa jina. Shule sikufika mbali na naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Mjukuu wangu Rukia, mimi humwita mke mwenzangu, ameolewa na kijana wa Denmark anaitwa Jens. Hana neno huyo. Mihogo anakula, jirani anasalimia. Hobi yake tu ndiyo iliyonikosesha raha.

Anayo mashine ya mpini mrefu, chini ina kisahani. Anaipitisha juu ya ardhi, ikikuta chuma au sarafu inalia. Anasema kwao watu wazima na akili zao huenda nayo ufukweni na mashambani siku za mapumziko, kama wengine waendavyo kuvua. Mwenye shamba akikubali, basi.

Akamtuma Rukia aniulize: na huku kwenu je, inaruhusiwa?

Mimi nijue wapi? Ila swali likanikaa kifuani.

Nyie wa bara labda hamjui. Pwani hii mzungu akionekana anapima ardhi, hakuna atakayesema anacheza. Watasema kafuata mali za Mjerumani na ramani ya babu yake anayo mfukoni. Kule kuelekea Fukayosi, marehemu Mzee Kibwana alifukuliwa mpaka choo kwa maneno hayo hayo.

Nikamwambia Jens asiitoe begini mpaka niulize. Akasema sawa bibi.

Mjumbe wetu, Bwana Seif, akasema haina shida, mbona imepita uwanja wa ndege. Hilo halikunituliza. Redio nayo inapita uwanja wa ndege, lakini huendi kuipiga msikitini.

Rukia akatafuta mtandaoni. Mmoja kaandika ruksa, mwingine kaandika jela. Nikakaa, nikasimama, nikakaa tena. Mwisho nikavaa baibui nikaenda Bagamoyo mjini mwenyewe.

Ofisi ya mambo ya kale niliyoelekezwa nilimkuta dada mmoja mpole, Neema. Akaniambia kutafuta na kuchimba vitu vya kale kunataka kibali cha serikali, na kwamba kiwanja kuwa chako hakukupi ruhusa hiyo. Ukiokota kitu cha kale unatoa taarifa. Akasema kila nchi ina yake, ziko zinazoruhusu, na ziko ambazo ukiingia nayo tu wanaichukua.

Nikamshukuru, nikarudi nusu mbio, maana Jens nilimwacha nyumbani na begi lake.

Wakuu, nafika, uani kumejaa watu.

Kumbe Jens alielewa nimemkataza ufukweni tu. Kwa bibi aliona ni nyumbani. Hereni ya Rukia ilikuwa imedondoka, akaitoa mashine amtafutie mkewe. Ikaenda kulia nyuma ya jiko, ikalia kweli kweli, na jirani yangu Mwanaidi akaitangaza mtaa mzima.

Shemeji yangu Athumani, mdogo wa marehemu mume wangu, tayari kashika jembe. Watu wanamwambia Jens, "Mjerumani, sogea." Naye anawajibu kwa Kiswahili chake kuwa si Mjerumani, wanazidi kucheka.

Mimi nilikijua kilicholia. Mama yake Rukia alimzaa Rukia ndani ya nyumba hii. Mkunga Bi Tatu Mwinyi alilizika zalio lake, yaani kondo la nyuma, hapo nyuma ya jiko, ndani ya kopo la maziwa, na wembe uliokata kitovu humo humo. Ndivyo tulivyofanya sisi. Mwanamume haonyeshwi mahali hapo wala haambiwi. Likifukuliwa, tunaogopea uzazi wa binti huyo.

Na Rukia alikuwa na mimba changa. Kasimama mlangoni ananitazama.

Nikasema serikali inataka kibali. Athumani akaniangalia.

"Kibali cha kuchimba kwa kaka yangu? Kama hakuna kitu, shemeji, mbona watetemeka?"

Kila nikinyamaza, wanaona nalinda mali. Akainua jembe.

Nikasema, "Hapo pamezikwa zalio la mjukuu wako, Athumani. Haya chimba, ulitazame mbele ya mumewe."

Jembe likashuka taratibu, halikugusa ardhi. Mwanaidi, yule yule aliyeita watu, akawa wa kwanza kuwasukuma wanaume nje kwa maneno ambayo siyaandiki humu.

Jens alipofafanuliwa akawa mwekundu, akaifunga mashine. Athumani hajaja kunywa chai mpaka leo. Mimi mafiga nimeyahamishia papo hapo, napikia juu yake, na mtu akipita nyuma ya ua bado nashtuka.

Nilichojifunza: mashine kupita uwanja wa ndege si ruhusa ya kuitumia, na ya mwenye kiwanja haitoshi. Uliza nchi unayokwenda, kwa wahusika wenyewe, kabla hujafungua begi. Kisha uliza na wenyeji, maana yako yaliyozikwa ambayo hakuna ofisi inayoyajua.

Mlio nje ya nchi, niambieni huko kwenu sheria ya mashine hizi ikoje. Wanaobisha pia karibuni, mradi adabu.

Na mwenye kujua hospitali za Denmark anisaidie jingine. Rukia amerudi na mumewe, atajifungulia huko. Zalio wanalipeleka wapi? Nimemuuliza kwenye simu, naye hajui.