Kadi Haitoki Mkononi mwa Benedikta

Ukitaka kugombana na Benedikta wa Dirma, huna haja ya kumwibia kuku wala kumtukania mtoto. Mwambie tu, "Mama, niachie kadi yako hapo mezani." Hapo umeyataka mwenyewe. Nesi mmoja mgeni wa zahanati aliwahi kumwambia hivyo, binti wa watu hajamaliza hata wiki tangu ahamishiwe, akaambiwa maneno ya kumtosha mwaka mzima. Kadi aliisoma kwa kuinamisha shingo, imeshikwa na vidole viwili vya Benedikta, na dawa akatoa. Watu wanamcheka, wanasema mama yule ana kichaa cha makaratasi. Wacheke. Wao hawajawahi kusimama mbele ya dirisha la malipo wakaambiwa kwamba wao si wao.

Hayo yalimkuta mwaka themanini na sita, kwenye shamba la ngano la serikali. Mume wake, Gidamis, alikuwa mlinzi pale. Kazi yake ilikuwa kufukuza ng'ombe wasiingie kwenye ngano, na ng'ombe wenyewe ni wa ndugu zake, na ngano yenyewe imepandwa kwenye malisho ya baba yake. Aliichukua kazi hiyo kwa sababu malisho yalipokwisha mifugo ilikufa, na watoto hawashibi hasira. Ndugu walimnunia miaka sita. Hata kaburi la baba yake, kichuguu kirefu ambacho wazee walikijenga kwa heshima, trekta lilipita juu yake msimu wa pili, likalilima pamoja na shamba. Gidamis aliliona kwa macho yake. Tangu siku hiyo mkate wa ngano haukuingia tena nyumba ile.

Sasa kuna jambo moja ambalo usipolijua hutaelewa lililotokea. Kwa Wabarbaig, kabila lao, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Hatamki mbele za watu, hatamki akiwa peke yake kisimani, na uzee haumpi ruhusa. Hata neno linalokaribiana na jina hilo analikwepa na kutafuta lingine. Benedikta alibatizwa utotoni upande wa Bashay, na padri alimwachisha mengi, lakini hilo hakuliacha. Na kwa kuwa habari hii ni yake, jina la mzee huyo halitatajwa humu.

Gidamis alikufa mwezi wa saba kwa homa ya mapafu. Matanga hayajaisha, akaja Didas, karani wa utumishi wa shamba, kijana wa mkoa mwingine, suruali imenyooka kwa pasi. "Shikamoo mama. Pole sana mama." Akakaa chini pamoja na wafiwa, akanywa maziwa ya kibuyu bila kukunja uso. Benedikta alimpenda. Mpaka leo akikumbuka alivyompenda siku ile, anatema mate.

"Marehemu ana mafao yake, mama," Didas alimwambia. "Ni haki yako. Usihangaike na safari za ofisini, mimi nitakufuatilia. Nitajie tu jina lake kamili nijaze fomu."

Jina kamili maana yake Gidamis, kisha la baba yake. Benedikta akasema, "Gidamis," akaishia hapo. Didas akangoja na kalamu yake. Mama wa watu angefanyaje? Aliingia ndani, akatoka na kadi ya kazi ya marehemu, imefungwa kwa uzi pamoja na kadi yake mwenyewe ya chama, akampa zote mbili. "Yote yameandikwa humo," alimwambia. "Soma."

Hapo ndipo alipoibiwa, mchana, mbele ya waombolezaji, na mwizi akashukuriwa. Didas alizisoma, akazitia mfuko wa shati, akasema atazirudisha wiki ijayo.

Wiki ijayo ikawa miezi miwili. Benedikta alitembea hadi ofisini mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa faili liko Arusha, mara ya pili liko njiani. Mara ya tatu Didas alimjibu huku akiendelea kuandika, na shikamoo ilikuwa imekwisha.

Aliyemzindua ni Mzee Gidabuday, mlinzi wa getini, aliyekuwa rafiki wa marehemu. Alipita asubuhi moja akiwa na furaha.

"Hongera, mama. Majina yamesomwa. Kesho mjane wa Gidamis analipwa dirishani."

"Mbona mimi sijaambiwa?"

"Didas hajakwambia?"

Hapo Benedikta akajua ameibiwa. Fedha ile alikuwa ameshaipangia kazi: mitamba mitatu, watoto wanywe maziwa ya kwao, na nyumba yake isidaiane wala isiamkiane na shamba lile tena. Akiikosa, mwanawe mkubwa atakwenda kushika rungu la baba yake na kufukuza ng'ombe wa ami zake. Alisema hivyo kwa sauti, peke yake, baada ya mzee kuondoka.

Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika, lakini foleni iliendeshwa kwa orodha, si kwa aliyewahi. Keshia akaita, "Benedikta Gidahosh," kwa jina la baba yake mzazi. Wanawake wawili wakaitika abee.

Huyo mwingine alikuwa na khanga mpya na kilemba kilichofungwa vizuri. Jina lake halisi ni Verediana, mtu wa Katesh, ingawa hilo lilijulikana baadaye. Wakapelekwa wote wawili kwa meneja, Bwana Theodory. Benedikta alimpa shikamoo. Hakuipokea. Alifungua faili: fomu imejazwa, kadi mbili zimebanwa kwa pini, na juu yake picha ndogo ya mwanamke. Ilikuwa picha ya Verediana.

"Mjane huyu hapa," meneja alisema, akigonga picha kwa kidole. "Wewe ni nani?"

"Bwana meneja," Mzee Gidabuday alisema kutoka mlangoni, "huyu ndiye mwenyewe. Namjua tangu siku alipoolewa."

"Na wewe ni Mbarbaig. Kila nikikamata ng'ombe kwenye ngano, mnakuja kumi mnatoleana ushahidi. Kaa hapo hapo, unyamaze."

Didas, aliyekuwa amesimama kando ya kabati la mafaili, alicheka kwa adabu. "Hawa, mzee, wakishalisha ngano yetu wanataka na mafao ya watu."

Theodory alimgeukia Verediana. "Tusipoteze muda. Mke anamjua baba mkwe wake. Baba wa marehemu aliitwa nani?"

Verediana alilitaja. Alilitaja wazi, bila shida, kama mtu anayeagiza chumvi dukani. Mzee Gidabuday aligeuka akatazama ukuta.

"Na wewe?"

Benedikta alifunga mdomo.

"Taja jina. Ni jina moja tu."

Alilijua. Alikuwa amekaa nalo miaka ishirini, na mitamba mitatu ilikuwa upande wa pili wa jina hilo. Aliwachukia wote waliokuwa chumba kile, meneja na kidole chake, Didas na pasi yake, na yule mwanamke aliyelisema jina la mzee wa watu kwa kinywa cha kukariri.

"Si unaona, mzee?" Didas alisema. "Hajui."

"Kaburi lake mmelilima," Benedikta alisema. "Sasa mnataka na jina lake litoke kinywani mwangu. Halitoki. Lakini sikiliza, bwana meneja. Kule kwenye nyumba zenu za wafanyakazi kuna akina mama wa kwetu wanauza maziwa. Leo sijaonana nao, na mlinzi wako hajatoka humu. Waite. Waulize swali hilo hilo."

"Mzee, foleni ni ndefu huko nje," Didas alisema upesi. "Watu wanalalamika."

Upesi huo ndio uliomponza. Theodory alimtazama kidogo, kisha akamtuma dereva wake.

Wakaja wanawake wanne na vibuyu vyao, wakaingizwa mmoja mmoja. Wa kwanza alipoulizwa baba mkwe wake anaitwa nani, alitazama sakafu mpaka alipoambiwa atoke. Wa pili aliuliza kama mume wake ameua mtu. Wa tatu, bibi wa meno machache, alimwambia meneja kwa upole kwamba haoneshi kama alilelewa. Wa nne hakungoja swali liishe. Alichukua kibuyu chake akaenda kuuza maziwa.

Theodory alifunga faili.

"Na wewe umeolewa Dirma miaka ishirini," alimwambia Verediana.

Verediana alimtazama Didas. Didas alikuwa anatazama kalenda ukutani.

"Aliniambia nikariri jina hilo," Verediana alisema. "Tangu Jumatatu nalikariri."

Didas alikwenda Katesh akiwa katikati ya polisi wawili, na alifungwa, lakini alitoka mapema mno kwa mtu wa namna ile. Siku hizi inasemekana ana duka mji fulani, na Mungu anajua anauza mali ya nani. Bwana Theodory hakuomba radhi. Alisema utaratibu ulifuatwa, akamwelekeza Benedikta arudi dirishani. Benedikta alibandua kadi zake mbili kutoka kwenye pini kwa mkono wake mwenyewe, hakumngoja ampe.

"Jina kamili la marehemu?" keshia aliuliza.

Benedikta aliinua kadi mbele ya nondo za dirisha. "Soma."

"Nipe, mama. Siwezi kusoma hivyo."

"Macho unayo."

Keshia alipitisha mkono kati ya nondo, akashika pembe ya kadi, akavuta. Benedikta naye akavuta. Foleni nyuma yake ilianza kunung'unika, mtu mmoja akauliza kama mama huyu ana akili timamu, na yeye hakugeuka kumtafuta. Mwisho keshia aliachia. Aliinamisha shingo, akasoma kwa sauti huku akiandika, na alipofika jina la pili Benedikta aligeuza uso pembeni.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Aliirudisha kadi kifuani kwanza, ndipo akatoa dole gumba lipakwe wino.