Dume la Baba Lililotaga Mayai

Baba alikubali kupasuliwa mtoto wa jicho kwa sharti moja: kware wake aje naye mjini. Macho yote mawili yalikuwa yameingia ukungu, na daktari akasema tuanze na la kulia, kisha baada ya wiki mbili tufanye la kushoto. Baba akanikabidhi kikapu mlangoni kwangu Migosi, akaninyooshea kidole.

"Huyu nikimkosa, hiyo jicho ya pili mtanizika nayo vile iko. Na usifungue kikapu."

Baba yangu si wa kutishia bure. Aliwahi kususa chai mwaka mzima kwa sababu shemeji yake alisema anaweka sukari nyingi.

Asiyetoka kwetu atadhani ni kichaa. Huko nyumbani, upande wa Maseno, kware, ambaye sisi humwita aluru, ana heshima yake. Mvua zikikaribia, wanaume husimamisha mlingoti mrefu shambani na kuning'iniza vikapu vidogo vya kusukwa, kila kikapu na dume lake. Alfajiri dume linaimba. Kware wa porini wanaopita wanasikia, wanashuka kwenye nyasi kuona ni nani huyu anayejigamba, na huko chini vitanzi vinawangoja. Dume linalojua kuita haliuzwi wala haliazimwi. La baba lilikuwa na koo jeupe na kifua cheusi, na liliimba hata siku tulipomzika mama. Tangu siku hiyo ndilo alilokuwa akizungumza nalo asubuhi.

Sasa mimi ni mwalimu wa baiolojia, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kware ni ndege wa chini. Hatui mtini, hajengi kiota juu. Anapekua majani makavu kama kuku mdogo aliyesahauliwa mkia, na anaoga vumbi kujitoa chawa. Nikamwangalia mle kikapuni, miezi hajagusa udongo, roho ikaniuma. Baba alikuwa hospitalini siku ile. Nikajaza mchanga kwenye karai, nikafunga geti, nikafungua kikapu.

Tena nilijua, jamani! Nimewafundisha kidato cha pili kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba kware akishtuka haondoki kwa mshazari kama njiwa. Anafyatuka wima. Nilijua na bado nikafungua. Akaoga kidogo tu, jirani akapiga chafya, brrr! Ndege akapita juu ya ukuta na kutua kwenye shamba la mahindi nyuma ya ploti.

Nilimfuata na beseni. Kware hapotezi nguvu kuruka wakati miguu ipo. Alinikimbiza mstari huu wa mahindi na ule, kisha akajibana chini, rangi yake na ya udongo zikawa kitu kimoja. Nadhani nilimpita mara nne. Mwishowe nikakaa chini katikati ya mahindi nikalia, mtu mzima na beseni mapajani, maana niliona jicho la kushoto la baba likizimika kwa ajili ya karai la mchanga.

Jirani, yule mwenye chafya, ni mama mmoja wa Kakamega mwenye roho nzuri kuliko akili. Bado alikuwa na kware wachache wa kufugwa, mabaki ya ile homa ya wakati kila Mkenya alifuga kware akingoja utajiri. Akaniletea mmoja.

"Mwalimu, chukua. Kware ni kware."

"Huyu ni jike! Jike haliimbi."

"Si baba yako haoni?"

"Baba yangu anasikia!"

"Basi imba wewe," akasema, akarudi kwake kugeuza chapati.

Na nikaimba kweli. Kwetu mwanamke hapigi mluzi, ni mwiko, lakini marehemu mama, mama wa kanisa kabisa, alikuwa akinifundisha mwito wa kware kwa siri jikoni tulipoishi mtaa wa Kaloleni. "Ukimwambia baba yako nakuchuna," alikuwa akisema, kisha tunacheka mpaka ugali unaungua. Sikuwahi kumuuliza aliujulia wapi.

Kwa hiyo baba alipotoka hospitalini, kila asubuhi saa kumi na moja nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya tangi la maji nikiwa na kanga na baridi yangu, pii-pii, pii-pii. Bandeji ilitolewa siku ya pili, akapewa miwani nyeusi, na nikaomba Mungu hiyo miwani isitoke puani pake. Yeye alikaa kwenye kibaraza chini ya kikapu, kichwa kimeinama, akisikiliza.

"Leo ameimba kidogo," alikuwa akisema akinywa chai. "Hebu kesho aongeze."

Nikaongeza. Midomo ikapasuka, nikawa nafundisha darasani nimejipaka mafuta ya mgando. Jirani naye akanivizia getini: "Mwalimu, huyo mwanaume unayempigia mluzi kila asubuhi, kwani haji?" Na lile jike, Mungu anisamehe, lilikuwa linataga. Kila siku yai moja lenye madoadoa ndani ya kikapu cha dume mashuhuri. Nililitoa kabla ya chai na kulikaanga haraka haraka. Niliapa baba akishapasuliwa la pili nitatubu kila kitu.

Asubuhi ya jicho la pili nilimaliza kuimba, nikazunguka tangi, nikamkuta baba amesimama. Miwani ilikuwa juu ya paji la uso. Mkononi alikuwa na yai.

"Hii dume yangu inataga poa sana," akasema.

"Baba, tangu lini unaona?"

"Tangu bandeji itoke. Mwenye macho haambiwi tazama. Aluru gani ana koo ya kahawia?"

Nikamwaga yote: karai, mchanga, chafya, mahindi. Nikamwambia yuko huru kunilaani, lakini tafadhali asiache jicho. Alinisikiliza mpaka mwisho akiligeuzageuza lile yai.

"Ile siku ya kwanza nilikuwa nimeamua naenda nyumbani," akasema. "Ndege sikumsikia. Nikajua umempoteza. Nikaanza kufunga mkoba. Halafu nikasikia mama yako."

Sikuelewa.

"Dume yangu ya kwanza, kabla ya nyinyi kuzaliwa, aliiachia ikatoroka. Akaniwekea jike, akanipigia mluzi nyuma ya jiko msimu mzima. Tena tulinasa aluru wengi, yawa! Alikuwa anateleza pale mwisho, na wewe unateleza hapohapo."

"Na hukumwambia kwamba unajua? Miaka yote hiyo?"

"Nimwambie ndio aache?"

Akashusha miwani machoni, akakaa tena chini ya kikapu.

"Teksi haijafika," akasema. "Rudi nyuma ya tangi."