Tonge Moja la Ugali

Mume wangu Masese alilala ameketi kwa miaka tisa. Kila alipoinama kuchuma chai, asidi ilimpanda kutoka tumboni hadi kooni, ikamchoma mpaka machozi yakamtoka. Dawa zilimtuliza leo, kesho moto ukawaka tena. Mwishowe daktari mmoja wa Kisii mjini akampasua, akaizungusha sehemu ya juu ya tumbo kwenye njia ya chakula na kuishona, ili asidi isipate pa kupitia.

"Wiki sita ni uji na supu tu," alituonya. "Chakula kigumu kikikwama, hataweza kukitapika. Akijikamua, mshono utaachia."

Masese akalala chali kama mtoto. Nililia kwa furaha, wala sioni haya kusema.

Wiki ya tatu, mama yake, Nyakerario, akaja kutoka Magwagwa. Akamtazama mwanawe alivyokonda, akatazama kikombe cha uji, kisha akanitazama mimi. Kwetu asiyekula ugali hajala, hata umpe nini. Nikamsomea karatasi ya hospitali neno kwa neno.

"Nimesikia, mwanangu," akasema, akaingia jikoni. Ulimi wangu unaogopwa hadi Kebirigo, lakini kumnyang'anya mama mkwe mwiko sikuthubutu.

Akasonga ugali wa wimbi. "Onja tu, baba," akamwambia mwanawe.

Masese akanitazama. Nikageuka, nikajifanya napanga vikombe. Akamega tonge moja, akameza.

Likakwama. Akashika kifua, akajikamua tena na tena. Halikushuka, halikutoka.

Hospitalini walilitoa kwa mpira mrefu ulioingizwa mdomoni, lakini mshono ulikuwa umeachia. "Nani alimpa ugali?" daktari akauliza.

Nyakerario akainua mkono kama mwanafunzi. "Ni mimi. Alikuwa hajala wiki tatu."

Nilitaka kumkasirikia, hasira ikakataa kuja.

Masese amerudi kulala ameketi. Daktari anasema kupasua mara ya pili ni kugumu zaidi, tungoje. Mama mkwe hajarudi kwake. Kila asubuhi anasimama mlangoni pa jikoni na kuuliza kwa sauti ndogo, "Nimpikie nini?"

Namwambia uji. Anaukoroga huku akijilaumu, nami namwacha ajilaumu. Sijapata moyo wa kumwambia kwamba kabla ya kumega lile tonge, Masese alinitazama mimi, nami nikageukia vikombe.