Kizibo Nilichokifunga Juu ya Paa

Nakumbuka asubuhi moja kule Biharwe, mwanangu, na kila ninaponusa dawa kali ya kusugulia sakafu, narudishwa palepale. Sogea karibu. Kesho unaanza kazi kwenye mashine za watu, na sitaki uondoke bila kunisikia.

Nilikuwa kijana, miaka michache tu tangu tukimbie vita kwetu Uvira na kufika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Nilipata kibarua katika kiwanda cha maziwa pale Biharwe, nikimsaidia fundi wa mitambo ya baridi, Mnyankore mmoja, mwenyeji wa huko, tuliyemwita Mzee Tumwine. Mke wangu Mawazo, mama yako, aliosha mikebe ya maziwa na wanawake wenzake, nyuma tu ya ukuta wa chumba cha mashine.

Baridi ya kiwanda kile ilitokana na amonia, hewa kali inayochoma macho na koo. Juu ya tangi lake palikaa valvu ya usalama, ndogo kama ngumi. Presha ikizidi, valvu hujifungua yenyewe na kuitoa hewa kupitia bomba lililopanda hadi juu ya paa, ili tangi lisipasuke. Basi siku moja ilifunguka, na baada ya hapo haikukaa sawa tena, ikawa inavuja kidogo kidogo. Harufu ilishuka uani, Mawazo na wenzake wakakohoa, msimamizi akagomba. Mzee Tumwine aliagiza valvu nyingine, akaniambia nisiguse kitu, kisha akaenda Kakoba kumzika shemeji yake.

Sasa sikia ujinga niliotoka nao kambini. Nakivale tulipanga foleni ya maji tangu alfajiri, na kwetu bomba linalovuja lilikuwa dhambi. Kila mwanamume alitembea na utepe wa mpira wa baiskeli mfukoni. Ukiona tone unafunga, na kina mama wanakuombea heri. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyolelewa, na methali ni nzuri, ila nayo inataka mtu wa kujua ni ufa upi. Nilipanda paani na kizibo cha chuma cha bomba la maji, nikakizungushia mpira wangu, nikakikaza kwa spana kwenye mdomo wa bomba lile. Harufu ikaisha. Msimamizi alinisifu mbele ya wanawake, nami nikavimba kichwa.

Mzee aliporudi alinusa hewa, akauliza kama valvu imejirudi yenyewe. Nilitabasamu tu. Tabasamu lile linaniaibisha mpaka leo.

Siku mbili baadaye pampu ya maji ya kupoza ikafa, kompresa, mashine ya kushindilia ile hewa, ikiwa bado inasukuma. Mshale wa geji, kipimo cha presha, ukaanza kupanda. Mzee alibonyeza kitufe cha kuzima, lakini swichi ilikuwa imeungua ikashikana, na mashine ikaendelea kunguruma. Alimtuma mlinzi akakate umeme wa kiwanda kizima, kule ng'ambo ya uwanja. Yeye mwenyewe alibaki kando ya tangi, ametulia kabisa, kwa kuwa aliiamini valvu yake.

Mimi nilijua njia yake imezibwa. Katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyejua. Niliogopa tangi. Lakini niliogopa zaidi kufukuzwa, kuitwa mkimbizi aliyeharibu kiwanda, kurudi kwenye foleni ya maji na mke na mtoto. Ndiyo, mwanangu, niliogopa aibu kuliko kifo. Mshale ukavuka alama nyekundu. Nyuma ya ukuta nilisikia mikebe ikigongana, na Mawazo akicheka.

Mzee alikunja uso. Alisogea akaweka sikio karibu na valvu, kusikiliza kwa nini iko kimya. Kicheko cha Mawazo ndicho kilichonifungua kinywa.

"Mzee, ni miye. Nilifunga ile tuyo, lile bomba la kule juu."

Alinigeukia, na papo hapo kiungo cha bomba kando yake kikatema. Haikuwa mlipuko, ilikuwa mvuke mweupe, kiasi cha kujaza kikombe, lakini ulimpata usoni. Alifumba macho, akanisukuma mlangoni, akawapigia kelele wanawake wakimbie upande upepo unakotoka. Nilimkokota hadi kwenye bomba la uani nikammwagia maji usoni bila kuacha. Umeme ukakatika, mashine ikanyamaza, na tangi likahimili. Mawazo alikuwa kando yangu na mkebe mkononi, akiuliza kuna nini, nami nikalia mbele ya watu wote.

Jicho la kushoto la Mzee halikuona tena. Nilimfuata hospitalini Mbarara nikitarajia laana. Alinyoosha mkono akapapasa mpaka akapata wangu.

"Byamungu," akasema, "ile kitu haikuwa nalia bure. Ilikuwa nasema. Wewe ulifunga yeye mdomo, halafu ukafunga yako pia."

Alimwomba msimamizi nisifukuzwe. Nilifanya kazi chini ya jicho lake moja miaka mingi, na sikuwahi kulizoea.

Basi nasaha yangu ni hii. Usizibe kitu ambacho hujajua kazi yake, hata kikikukera, hata wakubwa wakikusifu. Kuuliza si ujinga. Na ukikosea, sema saa ileile, kabla mwingine hajatega sikio mahali ulipoharibu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingi kifo hicho humwangukia jirani.

Chukua, kizibo chenyewe hiki, na mpira wake. Kaa nacho mfukoni. Mungu aibariki mikono yako, akufungulie kinywa siku hofu itakapokifunga, na kila jioni akurudishe kwa mama yako ukiwa na macho yako yote mawili.