Pedi ya Kwanza na Onyo la Nyanya

Nilipokuwa mtoto wa kutumwatumwa dukani pale Mishomoroni, sikujua kwamba damu yangu mwenyewe yaweza kuibwa. Nilikuja kuambiwa na Nyanya, mamake mama, asubuhi niliyovunja ungo. Mama alikuwa keshaondoka kwenda kiwandani Changamwe. Pakiti ya pedi alikuwa ameniwekea kabatini siku nyingi, bila maelezo. Ya kwanza niliibandika juu chini, gundi ikaning'ang'ania mwilini, nikalia.

Nyanya hakuwahi kuvaa pedi maishani mwake; wao walitumia vitambaa. Lakini sheria yake ilikuwa ile ile.

"Tuma!"

"Abee, Nyanya."

"Usitupe kitu na damu yake. Mwenye kijicho akikiokota akenda nacho kwa mganga, huzai wewe. Ikoshe mpaka itoke nyeupe."

Tulichutama chooni sote wawili, yeye na magoti yake mabovu, mtungi wa maji katikati yetu. Nikamimina, nikakamua. Kitambaa kingepungua, pedi ilizidi kuvimba. Mwisho ikapasuka, zikamwagika chembe laini zenye kuteleza, kama mayai ya chura, nyingine nyekundu. Nyanya alirudi nyuma.

"Astaghfirullah! Ni nini hiki?"

"Nyanya, ndio watoto wangu?"

Nyanya alizizoa zote kwa kiganja, hata zilizokwama kwenye tundu la maji machafu, akaenda kuzifukia nyuma ya nyumba. Mimi nikabaki nikiamini nimewamwaga watoto wangu.

Leo najua zile ni chembe za kiwandani tu, za kufyonza majimaji. Lakini kujua hakukunisaidia. Nilipoolewa nikakaa miaka bila mimba, na kila mwezi nilipochutama kukosha, niliiona sura ya Nyanya alivyorudi nyuma. Wallahi, kuogopa kunachosha kuliko kazi. Hata nilipompata Raya sikushusha pumzi. Niliona kama nimeponea tu, na siku yoyote naweza kudaiwa.

Mwezi uliopita Raya naye akavunja ungo. Nilikuwa nimerudi kazini hoi, sijavua hata buibui. Nilimwonesha upande wa gundi na namna ya kukunja mabawa, mambo ambayo mimi sikuoneshwa na mtu. Akasikiliza, kisha akauliza, "Mama, na ikishatumika?"

"Ikunje kwenye karatasi, uitupe. Haina neno."

"Basi?"

"Basi, mwanangu."

Akaenda zake kufanya hesabu za shule, hana wasiwasi hata kidogo. Nilifurahi mno, nikajisifu kwamba jambo hili limekomea kwangu. Na kwake limekoma kweli.

Nilipomsikia kesho yake ametoka kwenda chuoni kusoma Kurani, niliketi kidogo, mgongo ukiniuma. Kisha nikaingia chooni, nikafunga mlango. Nikaitoa ile pedi yake kwenye ndoo ya taka, nikavuta mtungi, nikachutama.