Sikuzani aliondoa pazia, Ruangwa ikaingia mchezoni

Saa nane mchana, uwanjani Ruangwa, Sikuzani Mohamedi anafungua kamba za pazia alilolishona mwenyewe. Analikunja, analitupia kwenye lori. Kisha anawaambia wenzake wabomoe jukwaa, igizo lichezwe chini.

Gaudens, mwongozaji, anamfuata mbio. Anamuuliza kama jua limempanda kichwani.

"Jana Nachingwea jukwaa lilikuwepo," anamjibu Sikuzani. "Walibaki wangapi?"

Walibaki sitini kati ya mia nne.

Sikuzani, 51, ni mkuu wa jukwaa katika jumba la maigizo la taifa, Dar es Salaam. Kundi la jumba hilo lilianza kwa kuzunguka vijijini na lori, watu wakikaa chini kuwazunguka waigizaji. Baadaye likapata ukumbi wenye viti, vijiji vikasahauliwa. Safari hii ya kusini ni ya kwanza baada ya miaka thelathini, na wakubwa walishasema: Ruangwa nayo ikishindikana, lori linageuza.

Kosa la jana yeye aliliona. Rukaiya alikuwa akiigiza mjane aliyenyang'anywa mikorosho na shemeji yake. Bibi mmoja akapanda jukwaani kumfunga khanga kiunoni, walinzi wakamshusha. Watu wakaanza kunyanyuka.

"Huku ngoma ikikugusa unaingia, unamtunza mchezaji kwa zawadi," anasema Sikuzani. "Ukimfukuza mtu na khanga yake, umemtukana yeye na ukoo wake."

Saa kumi igizo linaanza, watu wamezunguka pande zote. Mjane anapolia, mama mmoja wa kijiji cha Namungo anaingia na kumfunga khanga. Gaudens anajishika kichwa. Rukaiya hasiti, anamshika mama yule mkono, analia naye, mchezo unaendelea. Wanaingia wengine saba. Shemeji anazomewa kama refa, mzee mmoja akimwambia arudishe mikorosho au arudi kwao akale huko.

Haondoki mtu. Igizo likiisha, wanadai lirudiwe. Linarudiwa.

"Mama Sikuzani, nimekubali," anasema Gaudens wakipakia mizigo. "Sema twende wapi."

Jibu analo tayari: Kiegei, kijiji alikozaliwa, msimu wa korosho ukiisha.

"Kwetu wanajua niko Dar nafagia ukumbi," anasema. "Mama yangu ana miaka themanini. Nataka akae mbele, aone waigizaji wote wametulia, wananisubiri mimi niseme anzeni."